Hijra ya Orchestra Makassy

Baada ya Idi Amin, ambaye ukoo wa babake ulikuwa wa Wakakwa wa Koboko, kutwaa dola Januari 1971, khofu ilienea Uganda nzima, wala haikuisaza Arua, mji wa Walugbara ulio jirani na Koboko kaskazini-magharibi mwa nchi, kwani Michael Ondoga, Mlugbara aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Nje, aliuawa mwaka 1974. Miongoni mwa waliofunga mizigo kuikimbia khofu hiyo ni Orchestra Makassy, bendi iliyoasisiwa Kampala na Mzee Makassy, mwanamuziki mwenye asili ya Kongo, ambayo mnamo 1975 ilihamia Dar es Salaam, ambako mwanamuziki Remmy Ongala alijiunga nayo mwaka 1978. Safari ya namna hiyo, ya kuhamisha magitaa, ngoma na watu wazima wenye ahali zao, haikuwa ziara ya kutafuta sifa, bali hijra. Na kwa rai yangu, ndiyo iliyoupa muziki wao ladha ya nchi nyingi. Albamu yao Agwaya, iliyorekodiwa Nairobi na kutolewa na kampuni ya Virgin ya Uingereza mwaka 1982, ilifika hata Ulaya. Lakini wakati huo wengi wa watu wa Arua na Koboko, waliofukuzwa na vita na visasi vilivyofuata kuanguka kwa Amin mwaka 1979, walikuwa wakimbizi Sudani na Zaire, yaani Kongo ya leo.