Kufikiria sana

Mkazi wa Sarang'ombe, wadi ya eneobunge la Kibra jijini Nairobi, ni nadra kumwambia daktari kuwa ana "unyogovu". Neno hilo la magazetini halijashuka mitaani. Atasema kichwa kinamwanga, mgongo unauma, usingizi umepotea, chakula hakipiti. Akiulizwa zaidi, ndipo anapotaja kiini: "Nafikiria sana."

Kufikiria huku si kutafakari. Ni mawazo ya kodi, karo na kibarua yanayomzunguka mtu usiku kucha hadi mwili unanyong'onyea. Washona wa Zimbabwe nao husema kufungisisa, maana ni hiyohiyo, na huko Harare Dkt. Dixon Chibanda alianzisha mwaka 2006 mpango wa mabenchi ambapo akina nyanya waliofunzwa huwasikiliza wenye hali hiyo.

Wenye kamusi wasiwacheke watu wa mtaani. Dodoso la PHQ-9, linalotumika pia Kenya kupima ugonjwa huu wa unyogovu, lina maswali 9. Matatu yanahusu usingizi, uchovu na hamu ya kula. Tena ubongo hutumia baadhi ya kemikali zilezile, serotonini ikiwemo, kusimamia hisia na kutuliza maumivu. Mgongo wa mtu huyo unauma kwelikweli, hasingizii. (Watanzania wameuita ugonjwa wenyewe sonona, neno lenye maumivu ndani yake.)

Basi, wahudumu wa kliniki, anayerudi kila mara kuomba dawa ya kichwa aulizwe pia anavyolala, na anachofikiria.