Tashtiti: Swali lililomgharimu mtangazaji uhai

Mwanafunzi wangu mmoja alinijia majuzi na lalama. "Mwalimu," akasema, "shuleni tulifunzwa kwamba tashtiti ni swali ambalo anayeliuliza tayari analijua jibu. Sasa vitabu vya uhakiki vinaniambia ni kejeli inayofichua maovu ya jamii. Tushike lipi?"

Nilimwambia ashike yote mawili, kisha nikamsimulia habari za Jaime Garzón wa Kolombia.

Garzón alikuwa mcheshi na mwanahabari wa redio na runinga katika miaka ya 1990. Mmoja wa wahusika aliowaigiza, na aliyependwa mno, ni Heriberto de la Calle, mpiga viatu rangi mwenye mapengo. Jina hilo la ukoo ukilifasiri, utapata "wa Mtaani". Heriberto alimkalisha mwanasiasa kitini, akainamia kiatu chake, na huku akisugua akamtupia maswali kwa lugha ya vichochoroni. Aghalabu aliuliza mambo ambayo wananchi walikuwa wakiyanong'ona siku zote. Hapo ndipo maana mbili za tashtiti zilipokutana.

Wapo watakaosema, ala, si mzaha tu! La hasha. Msomi akiandika kuhusu "ubadhirifu wa rasilimali za umma", wakubwa hawakosi usingizi. Lakini mtu wa mtaani akiuliza hewani, "Mheshimiwa, hela zetu ziko wapi?", hata asiyejua kusoma huelewa, akacheka. Tahariri hujibiwa kwa taarifa kwa vyombo vya habari. Kicheko utakijibu kwa nini?

Isitoshe, Kolombia ilikuwa vitani. Jeshi, waasi na makundi ya wanamgambo walikuwa wakiuana. Garzón alisaidia katika mazungumzo ya kuwakomboa mateka waliokuwa mikononi mwa waasi. Mahasimu wake wakapata la kusema: eti huyu ni mtu wa waasi. Naam, hatari ya mcheshi huanzia papo hapo, pale anapobandikwa jina la adui wa taifa. Akishabandikwa, kumuua huonekana kuwa sehemu ya vita.

Alfajiri ya tarehe 13 Agosti, 1999, Garzón alikuwa akiendesha gari jijini Bogotá kuelekea kazini katika kituo cha Radionet. Watu wawili waliokuwa kwenye pikipiki wakampiga risasi. Alikuwa na umri wa miaka 38.

Mwaka wa 2004 mahakama ilimhukumu Carlos Castaño, kiongozi wa wanamgambo, kifungo cha miaka 38 bila yeye kuwepo kortini. Mwaka wa 2018, miaka 19 baada ya mauaji, ikawa zamu ya José Miguel Narváez, mtu aliyewahi kuwa naibu mkurugenzi wa idara ya ujasusi ya nchi hiyo. Yaani mkono ulioelekeza mauaji haukuwa wa wanamgambo pekee. Ulifika hadi kwa watu waliokula kiapo cha kuwalinda raia.

Tusidhani haya ni ya ng'ambo tu. Hapa kwetu, Abdilatif Abdalla alifungwa miaka mitatu kwa sababu ya kijikaratasi alichokiandika mwaka wa 1968. Kichwa chake kilikuwa swali: "Kenya: Twendapi?" Hakikuwa kichekesho wala kipindi cha redio, ila kinathibitisha kwamba alama ya kuulizia inaweza kumtia mtu kizuizini.

Mwanafunzi wangu alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Na wale wawili wa pikipiki je?"

Nikamweleza kwamba wanaume wawili walishtakiwa kwa kufyatua risasi hizo, wakaachiliwa mwaka wa 2004 baada ya mahakama kubaini kuwa ushahidi dhidi yao ulikuwa wa kutungwa.

"Sasa ni nani waliompiga risasi, Mwalimu?"

"Hilo, mwanangu," nikamjibu, "si tashtiti."