Majibizano na Usimulizi: Nani Anabeba Hadithi?

Kwenye semina zetu husemwa kwamba Shaaban Robert husimulia mno, wahusika wake hawazungumzi. Mimi nasema hapana. Katika Kusadikika (1951) Karama yuko mahakamani, anajitetea kwa kinywa chake mwenyewe; safari za wajumbe sita twazisikia kwake. Kwa sura ni mazungumzo, kwa kazi ni usimulizi. Mwaka 1960 Muhammed Said Abdulla akatoa Mzimu wa Watu wa Kale. Humo Bwana Msa anauliza, anajibiwa, na fumbo linafumbuka katika majibu hayo hayo. Basi jamani, tusihesabu alama za kunukuu. Tuulize maneno ya mhusika yanafanya kazi gani. Mhakiki asiyeuliza hivyo atamwonea mwandishi bure.