Mashine Yako ya Zamani Pia Iko Kwa Hii Historia

Wasee, leo ni somo la historia, lakini hakuna mfalme wala vita. Ni historia ya injini ya kutengeneza gemu inayoitwa Godot, na nataka tuisome kwa swali moja tu: kila mara msimbo wake ulipobadilishwa, nani aliachwa nje, na nani akarudishwa ndani?

Kwa wale hawajui, injini ya gemu ni ile programu inayofanya kazi nzito huku chini: kuchora picha kwa skrini, kupiga hesabu mpira ukigonga ukuta utaruka wapi, kucheza sauti, kufuata kidole chako. Wewe unaleta hadithi, wahusika na sheria za mchezo. Fikiria matatu. Inaweza kuwa na michoro ya nguvu na muziki wa kupasua vioo, lakini bila injini hiyo ni sebule imeegeshwa stejini.

Godot ilizaliwa Argentina, mikononi mwa Juan Linietsky na Ariel Manzur. Kwa miaka kadhaa ilikuwa chombo chao cha kazi tu. Halafu Februari 2014 wakaweka msimbo wote hadharani chini ya leseni ya MIT. Hiyo leseni ni fupi, na kwa lugha ya mtaa inasema hivi: chukua, soma, badilisha, tengeneza gemu yako uuze, hatutaki senti yako, bora usifute jina letu na maandishi ya leseni. Toleo la 1.0 likatoka Desemba mwaka huo huo.

Jina lenyewe limetoka kwa tamthilia ya Samuel Beckett, ile ya watu wawili wanaomngoja mtu ambaye hafiki. Wenye injini wanakubali utani huo: ukiongeza kitu leo, kesho kuna kingine kinangojwa. Haitawahi kuisha. Shika hilo wazo, tutalihitaji.

Sasa twende Januari 2018. Toleo la 3.0 linatoka na watu wanashangilia. Sehemu ya kuchora picha imeandikwa upya juu ya OpenGL ES 3.0, na ile ya zamani ya OpenGL ES 2.0 imeondolewa. OpenGL ni kama lugha ambayo programu hutumia kuongea na kadi ya michoro ndani ya mashine yako. Nambari ikipanda, lugha inapata msamiati mpya. Shida ni kwamba kadi ya zamani haielewi huo msamiati. Chuma kikaanza kung'aa kama chuma na mwanga ukaanguka vizuri kwa ukuta, lakini kwa mashine nyingi za zamani hakukuwa na cha kuangalia. Hata baadhi ya simu zilizodai kuelewa lugha mpya, draiva zake, yaani programu zinazoendesha ile kadi, zilikuwa na makosa kibao.

Ukiwa umekulia Nairobi unazijua hizo mashine. Ni laptopu za ex-UK zilizopangwa kwa rafu pale Moi Avenue, zimeshatumika ofisi ya watu ng'ambo miaka kadhaa kabla zikufikie. Ni simu uliyorithi kutoka kwa dadako baada ya yeye kuirithi kutoka kwa mwingine. Hakuna mtu alikaa chini akasema "tuwafungie wa hali ya chini." Walitaka picha nzuri tu. Lakini uamuzi wa kiufundi ulikuwa tayari umechagua ni nani ataingia.

Kilichonivutia kwa hii hadithi ni kilichofuata. Wiki chache tu baadaye, Februari 2018, timu ikatangaza kwamba inabadilisha njia: kwa siku za mbele itahamia teknolojia mpya inayoitwa Vulkan, na kwa mashine za zamani itarudisha OpenGL ES 2.0. Na kurudisha hakukuwa kubonyeza kitufe. Injini yenyewe ilikuwa imebadilika, kwa hivyo hiyo sehemu ilibidi iandikwe upya ikae vizuri ndani ya nyumba mpya. Machi 2019, toleo la 3.1 likatoka, na mashine zilizoachwa zikarudi.

Zaidi ya mwaka mmoja wa kazi, ili kitu kifanye kazi kwa watu ambao hawakulipa chochote. Hebu kaa na hiyo kidogo.

Kwa kawaida marekebisho hupita hivi. Mtu anapata hitilafu. Anaandika ripoti ya wazi: natumia toleo gani, mashine gani, nilifanya nini, kikatokea nini. Akiweza, anaambatanisha mradi mdogo kabisa unaoonyesha hiyo shida peke yake. Mtu mwingine, pengine bara lingine, anajaribu kuirudia. Ikikubali, yeyote anaweza kuandika dawa na kuituma. Wakaguzi wanaisoma mstari kwa mstari, mitambo inaijaribu kwa mifumo tofauti, halafu ndiyo inaunganishwa na msimbo mkuu. Dawa zilizo salama hurudishwa pia kwa matoleo ya zamani ambayo bado yanatunzwa. Kila hatua imeandikwa: nani alibadilisha, lini, kwa nini, na nani alikataa. Hiyo ni kumbukumbu ambayo hata serikali nyingi hazina.

Machi 2023 likaja toleo la 4.0, na hapo mambo yakachemka tena. Majina ya vitu vingi yalibadilishwa. Kilichoitwa Spatial kikawa Node3D. KinematicBody kikawa CharacterBody3D. Kama ulikuwa unajifunza kwa video za zamani, unaandika vile mwalimu anaandika na kompyuta inakurudishia makosa mekundu. Wengi walidhani ni wao wajinga. Hapana, nyumba ilikuwa imebadilisha milango.

Upande wa picha, 4.0 iliweka Vulkan mbele, lakini safari hii ikaja pia na njia ya OpenGL kwa mashine dhaifu. Njia hiyo ilikuwa changa sana, hasa kwa 3D, na imeendelea kujazwa toleo baada ya toleo. Na wale ambao mashine zao haziwezi hata hiyo? Mstari wa 3 haukuzikwa. Toleo la 3.6 lilitoka Septemba 2024, mwaka mmoja na nusu baada ya 4.0. Kuna watu walikaa wakitengeneza injini "ya zamani" wakati sifa zote ziko kwa mpya.

Kuna mfano mwingine ninaupenda. Toleo la 4.0 liliacha mfumo wa fizikia ulioitwa Bullet na kubaki na wa Godot yenyewe, na watu wa 3D wakalalamika kwamba vitu vinatetemeka na kupenya mahali havifai. Badala ya kungoja, watu wa nje ya timu kuu wakaunganisha Godot na mfumo mwingine huria unaoitwa Jolt, kama kiongezi unachopakua mwenyewe. Watu wakakitumia, kikaonekana kinafaa. Machi 2025, toleo la 4.4 likakiingiza Jolt ndani ya injini kama chaguo rasmi. Yaani dawa ilianza kwa mtaa ikaishia ikulu.

Linganisha na kilichotokea Septemba 2023. Kampuni ya Unity, ambayo injini yake inatumiwa na watu wengi sana duniani, ilitangaza kwamba kuanzia Januari 2024 itatoza ada kila gemu inapowekwa kwa kifaa, ikishapita kiwango fulani cha mapato na idadi. Watengenezaji walikasirika vibaya. Kabla mwezi uishe kampuni ikalegeza masharti, Oktoba mkurugenzi wake John Riccitiello akaondoka, na Septemba 2024 ada ikafutwa kabisa. Kwa hivyo kelele zilifanya kazi. Lakini ona tofauti: wale watu walikuwa na sauti tu, hawakuwa na ufunguo. Wengine walihamia Godot wakati huo, na wenye gemu ya Terraria, Re-Logic, wakaipa Godot dola 100,000. Ukiwa na msimbo wa MIT mkononi, hakuna mtu anaweza kuamka asubuhi akubadilishie masharti ya toleo ambalo tayari unalo.

Najua kuna mtu anasema, "Buda, huria haimaanishi kila mtu ana usemi." Ni kweli, na tusidanganyane. Kuna watunzaji wanaoamua nini kinaingia. Kuna ripoti zinakaa miaka bila jibu. Mwenye muda wa kuandika dawa bure ni mtu ambaye stima yake haipotei na kodi yake imelipwa. Na hapo ndipo napata shida na sisi. Kama hitilafu inaonekana kwa simu za bei ya chini pekee, na wenye hizo simu hawaandiki ripoti, basi kwa macho ya injini hiyo hitilafu haipo. Tunanung'unika kwa kikundi cha marafiki, tunafuta programu, tunaendelea. Hatuandikwi popote.

Mimi niliacha chuo. Nilikuwa nasomea mambo ya kompyuta, na muda wote niliokaa darasani, msimbo ulikuwa kitu unaandika kutoka sufuri, unapewa alama, unasahau. Hakuna siku niliambiwa nichukue kazi ya mtu mwingine, niisome hadi niielewe, nitafute mahali imevunjika, nirekebishe bila kuharibu zingine. Na bado hiyo ndiyo kazi yenyewe. Fundi wa simu wa Luthuli anaijua kuliko wengi wetu: hawezi kuunda simu mpya, lakini anajua waya gani umekufa, na mtaa mzima unamtegemea. Tunawasifu waanzilishi sana. Tunasahau kwamba kitu kinaishi kwa sababu ya mafundi.

Kwa hivyo kama unataka kuanza, usingoje laptopu ya ndoto. Pakua hiyo injini, haitamaliza bando yako. Tangu toleo la 3.5 la mwaka 2022 kuna hata njia ya kuitumia moja kwa moja kwa simu ya Android. Jaribu kitu kidogo. Ikikwama, usijilaumu haraka. Angalia kama kuna mtu ashawahi kuripoti. Kama hakuna, andika wewe: jina la kifaa, toleo, hatua ulizofuata, kilichotokea. Kiingereza chako kikiwa kimevunjika ni sawa, msimbo nao umevunjika, mtaelewana.

OpenGL ES 2.0 ilirudi kwa sababu mashine zilizoachwa zilionekana. Toleo linalofuata linaandikwa saa hii unaposoma, na wanaoliandika hawawezi kujua kama simu yako inalibeba hadi uwaambie.

Haya basi, mashine yako ni ya mwaka gani, na nini kimekataa kuwaka juu yake?