Historia na Ubunifu katika The Crucible

Aghalabu mwanafunzi anayesoma The Crucible ya Arthur Miller hutoka darasani akiamini kwamba watu wa Salem walinyongwa kwa sababu ya wivu wa msichana. Kosa hilo si lake peke yake. Katika tamthilia hii, iliyoonyeshwa kwanza New York mwaka 1953, Miller amemfanya Abigail Williams kuwa msichana wa miaka 17, hawara wa zamani wa John Proctor. Kumbukumbu za 1692 zasema vingine: Abigail alikuwa mtoto wa miaka 11 au 12, na Proctor mzee wa miaka 60 hivi.

Mtunzi ana uhuru wa kubuni, na Miller hakuficha kwamba umri huo aliuongeza. Hata hivyo, lawama imehama mahakamani ikatwikwa mtoto, ilhali kilichowapeleka watu 19 kitanzini ni utaratibu wa mahakama yenyewe. Majaji walipokea madai kwamba kivuli cha mshitakiwa kilimtesa shahidi. Dai kama hilo halikanushiki: mtu aweza kuthibitisha mwili wake ulikuwa wapi, si kivuli chake. Aliyekiri na kushikilia ungamo lake hakunyongwa. Tituba, mtumwa, alikiri akaishi. Rebecca Nurse, bibi kizee mcha Mungu, alikana. Waamuzi wakamwona hana hatia, hakimu mkuu akawataka wafikiri upya, naye akanyongwa mwezi wa Julai.

Utaratibu huo ndio Miller aliouona ukirudi. Kamati ya Bunge la Marekani iliyowasaka Wakomunisti (wala si ile ya Seneta McCarthy, kama wanafunzi wetu wapendavyo kuandika) mara nyingi ilikwisha kuyajua majina iliyoyadai. Ilitaka shahidi ayatamke mwenyewe. Elia Kazan, rafiki wa Miller, aliyatamka mwaka 1952. Miller, alipoitwa mwaka 1956, alieleza habari zake akakataa kuwataja wenziwe. Alitiwa hatiani mwaka 1957. Hukumu ikatenguliwa mwaka 1958.

Kwetu sisi walimu wa lugha kuna tatizo zaidi. Neno mchawi humletea msikilizaji wa Kiswahili picha ya jirani anayedhuru kwa siri. Huko Salem iliaminika pia kwamba mchawi amefanya mkataba na Shetani, akatia alama katika kitabu chake. Ndiyo sababu Proctor wa jukwaani, aliyekwisha kukiri kwa mdomo, hawezi kuiachia karatasi yenye jina lake. Tafsiri isiyotangulia kutuonyesha kitabu kile humfanya aonekane mtu wa kiburi tu.