Hela ya Bibi na Tundu Lake

Watu wa Buyenzi tukitaka kujua bei tunauliza, "Hela ngapi?" Warundi wa milimani wao wanasema *amahera*. Neno ni lile lile, na limetoka kwa Mjerumani: heller, sarafu ndogo aliyoileta mwaka 1904, mia moja kwa rupia moja. Kabla ya hapo rupia ilikuwa pesa 64. Mjerumani kaondoka, Mbelgiji kaja na faranga zake naye kaondoka, lakini hela imebaki mdomoni mwetu.

Bibi yangu alikuwa na hela moja ya kweli, akiivaa shingoni kwa uzi mweusi. Tulipokimbia Bujumbura mwaka 2015, mama aliishonea ndani ya pindo la kitenge. Hapa kambini, mwaka jana, ada ya shule ya mdogo wangu ilipotushinda, tukaitoa. Mfanyabiashara mmoja mjini aliigeuza mara mbili, akacheka: "Kaka, hii feki. Tazama ilivyopinda, maandishi yenyewe hayasomeki." Akatoa bei ya soda mbili. Nikakataa, si kwa ujuzi, kwa hasira tu.

Hasira hiyo ndiyo iliyonifundisha. Sarafu ya bibi ina taji, mwaka 1916, herufi T na D.O.A.; upande wa pili imeandikwa 20 HELLER. T ni Tabora. Wakati wa vita, Waingereza walifunga bahari na sarafu kutoka Ujerumani hazikufika tena. Wajerumani wakaanza kupiga zao Tabora, kwa mashine walizokuwa nazo na shaba waliyoiokota, yakiwemo maganda ya risasi. Walipiga na dhahabu pia, rupia 15 yenye picha ya tembo, kwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke. Mwezi wa sita 1916 Wabelgiji waliingia Usumbura, jina la zamani la Bujumbura, na mwezi wa tisa wakaichukua Tabora yenyewe. Kiwanda kikafa hapo, baada ya miezi michache tu.

Kwa hiyo yule bwana alikuwa amekosea kabisa. Hela ya Tabora halisi ni mbaya kwa sura! Unene hautoshani, uzito haulingani, alama mara nyingi haikukaa katikati, na taji na herufi hazifanani sarafu kwa sarafu, kwani kalibu zilikuwa kadhaa. Kasoro iliyotoka kiwandani iko ndani ya chuma chenyewe: herufi imefifia polepole, bila mkwaruzo. Kasoro ya mtu wa baadaye huacha alama ya tupa au nyundo. Mimi nikiona hela ya Tabora safi, ya duara kamili, inayong'aa kama kifungo kipya, hapo ndipo naingiwa na shaka. Kuna ya shaba nyekundu na ya shaba ya njano, na zote mbili hazishikwi na sumaku. Ikishikwa, mrudishie mwenyewe.

Sasa tundu. Sarafu za heller 10 za kuanzia 1908, na za heller 5 za 1913 na 1914, zilitoka kiwandani na tundu katikati kabisa, lenye ukingo ulioinuka, na maandishi yamepangwa kulizunguka. Wengi wanazidharau wakidhani zimetobolewa. La bibi liko juu, karibu na ukingo, limekata jani la pambo, na ukipitisha kucha unahisi chuma kilichosukumwa na msumari. Hiyo ni sarafu halisi iliyobadilishwa. Kwa mkusanyaji, thamani yake imeshuka sana.

Tena nina kosa langu mwenyewe: kabla ya kuipeleka mjini niliisugua kwa ndimu na mchanga ili ipendeze. Rangi ile ya kahawia iliyochukua miaka mia moja nikaimaliza kwa dakika tano. Ukiwa nayo nyumbani, usioshe. Ifunge kwenye karatasi kavu, ishike kwa ukingo.

Nilimweleza mama yote: ni ya kweli, ila tundu na ndimu vimeipunguza bei. Akaniuliza nani alilitoboa. Nikasema sijui, labda babu. Akachukua uzi, akaupitisha.

Ada bado tunadaiwa.