Likizo ya Siku Nne

Jumamosi iliyopita, mvua ikiwa imetufungia ndani, mimi na wanangu tulitazama sinema ya Kimarekani iliyotoka Julai 1945. Jina lake ni Anchors Aweigh. Hiyo ni lugha ya mabaharia, na watu wa pwani hawahitaji kamusi kuielewa: nanga zimeng'olewa, chombo ki tayari kuondoka. Wanangu, ambao sinema za namna hiyo huziita za kibabu, walicheka mwanzo hadi mwisho. Mimi pia nilicheka, tena sana. Lakini nilipokwenda kulala nikabaki na neno moja likinizunguka kichwani. Neno lenyewe ni likizo, na ndilo ninalotaka tulizungumze leo, wasikilizaji wapenzi.

Kwanza niwasimulie kisa chenyewe, kwani wengi wenu pengine hamjaiona. Mabaharia wawili, Joe na Clarence, wanavishwa nishani za ushujaa melini, kisha wanapewa likizo ya siku nne wakatembee Los Angeles. Joe, anayeigizwa na Gene Kelly, ni kijana mchangamfu anayejua maneno ya kuwatongoza wasichana. Clarence, ambaye ni Frank Sinatra, ni mpole na mwoga, na anamwomba mwenzake amfundishe namna ya kupata mchumba. Kabla hawajafika mbali, polisi wanawaomba msaada: kuna mtoto mdogo ametoroka nyumbani kwa sababu anataka kujiunga na jeshi la majini. Wanamrudisha kwa shangazi yake, Susan, msichana mrembo mwenye ndoto ya kuwa mwimbaji, anayeigizwa na Kathryn Grayson. Ili kumpendeza, wanamdanganya kwamba wamempangia kuimba mbele ya mpiga piano mashuhuri José Iturbi. Kuanzia hapo ni mbio za kuutafuta ukweli wa kuufunika uongo huo, na kila mtu anampenda asiyempasa kumpenda, hadi mwisho kila mmoja anapompata wake.

Hadithi ni nyepesi kama maandazi, lakini kazi iliyofanyika si nyepesi hata kidogo. Sinema ilitengenezwa na kampuni ya MGM, kwa rangi, katika studio zake za Culver City jimboni California, wakati wa kiangazi cha mwaka 1944. Mwongozaji alikuwa George Sidney. Sinatra alikuwa mwimbaji, si mchezaji, na Kelly ndiye aliyemfundisha hatua moja baada ya nyingine. Kuna sehemu ambayo Kelly anacheza dansi na panya wa katuni, yule Jerry anayekimbizana na paka Tom. Ikumbukwe kwamba wakati huo hapakuwa na kompyuta ya kuunganisha picha. Kila mnyanyuko wa mguu wa panya yule ulichorwa kwa mkono ukafuatishwa na mguu wa Kelly. Hata leo ukitazama huoni pengo. Sinema ikapata tuzo ya Oscar ya muziki, na Kelly akateuliwa kuwania ile ya mwigizaji bora.

Tusisahau pia watu walioingia kwenye majumba ya sinema kuitazama. Vita vya Ulaya vilikuwa vimekwisha Mei 1945, lakini vile vya Japani vilikuwa bado vinaendelea. Miezi michache tu kabla ya hapo, katika mapigano ya kisiwa cha Okinawa, jeshi la majini la Marekani lilikuwa limepoteza takriban watu 4,900. Mama aliyekuwa na mtoto baharini, au mke asiyejua kama barua itakayofuata italetwa na tarishi au na ofisa, alilipa senti zake apate saa mbili na ushei za kumwona baharia aliye hai, anayecheka, anayependa na kurudi salama. Nani atamlaumu? Mimi simlaumu.

Lakini mwandishi wa habari akishazoea kuuliza maswali, haachi hata akiwa amekaa sebuleni. Nilijiuliza: hao mabaharia wa likizo Los Angeles, mwaka mmoja kabla ya sinema hii kupigwa, walikuwa wakifanya nini?

Jibu limo katika historia. Tarehe 3 Juni 1943, mabaharia kutoka kituo chao kilicho karibu na katikati ya mji huo walianza kuwasaka vijana wenye asili ya Mexico. Walikuwa wakiwatafuta hasa wale waliovaa suti za mtindo wa zoot, yaani jaketi refu lenye mabega mapana na suruali pana iliyobana kwenye vifundo vya miguu. Serikali ilikuwa imeweka mipaka ya matumizi ya vitambaa kwa sababu ya vita, kwa hiyo aliyevaa suti kubwa kama hiyo alionekana hana uzalendo. Mabaharia walikodi teksi kwa msururu, wakaingia mitaani na hata kwenye majumba ya sinema, wakawapiga vijana na kuwavua nguo mbele ya watu. Waliopigwa hawakuwa Wamexico peke yao. Weusi na Wafilipino nao walionja. Polisi, badala ya kuwakamata waliopiga, waliwakamata waliopigwa kwa mamia. Na magazeti ya mji, naona haya kulisema hili kwa kuwa ni kazi yangu, mengi yaliwashangilia mabaharia. Fujo zilitulia baada ya wakuu wa jeshi, tarehe 8 Juni, kuwapiga marufuku mabaharia kuingia mjini. Yaani likizo za Los Angeles zilifutwa kwa amri.

Sasa rudi kwenye sinema. Moja ya sehemu zake tamu kuliko zote ni ile ambayo Joe, akiwa na sare yake nyeupe, anacheza na mtoto mdogo wa kike katika mtaa wa Olvera, mtaa wa Kimexico mjini humohumo Los Angeles. Baharia na mtoto wa Kimexico, mkono kwa mkono. Sijui waliopanga sehemu ile walikuwa na nia ya kuponya kidonda, au walitaka tu mandhari yenye rangi. Ninachojua ni kwamba mtazamaji wa Los Angeles wa mwaka 1945, hasa mwenye asili ya Mexico, hakuwa amesahau teksi zile.

Hilo ni la kwanza. La pili ndilo lililoninyima usingizi.

Kaskazini mwa jimbo hilohilo la California kulikuwa na gati la jeshi la majini mahali paitwapo Port Chicago. Hapo ndipo mabomu na risasi za vita vya Pasifiki zilipopakiwa melini. Wapakiaji wote walikuwa mabaharia weusi, na maofisa waliowasimamia walikuwa wazungu. Hadi mwaka 1942, Mmarekani mweusi aliyejiunga na jeshi la majini aliishia jikoni na mezani, kupika na kuwaandalia maofisa. Doris Miller, kijana wa Texas aliyeshika bunduki kubwa ya rasharasha siku Wajapani waliposhambulia Pearl Harbor mwaka 1941, ilhali hakuwa amefundishwa kuitumia, alikuwa mtumishi wa mezani. Alipewa nishani ya Navy Cross mwaka 1942. Mwaka uliofuata alikufa baharini meli yake ilipozamishwa. Baada ya milango mingine kufunguliwa mwaka huo wa 1942, vijana wengi weusi walijiandikisha wakitumaini kwenda kupigana. Wa Port Chicago wakajikuta wachukuzi wenye sare.

Hawakupewa mafunzo ya maana ya kushika mabomu. Vikosi vilishindanishwa nani atapakia tani nyingi zaidi, na maofisa wakawekeana dau. Usiku wa tarehe 17 Julai 1944, muda mfupi baada ya saa 4, meli ya E. A. Bryan iliyokuwa imesheheni mabomu ililipuka. Meli ya pili, Quinault Victory, ikarushwa na kuvunjika vipande. Watu 320 walikufa papo hapo, na kati yao 202 walikuwa weusi. Karibu watu 390 walijeruhiwa. Miili mingi haikupatikana kabisa, au haikuweza kutambuliwa. Kiangazi hichohicho, jimbo hilohilo, Kelly alikuwa akimfundisha Sinatra kucheza.

Na likizo? Sikilizeni. Maofisa wazungu walionusurika walipewa likizo ya siku 30 waende makwao wakatulie. Mabaharia weusi walionusurika, ambao baadhi yao walikuwa wamewakusanya wenzao vipande vipande, hawakupewa likizo hiyo. Wiki tatu baadaye, tarehe 9 Agosti, waliamriwa waende kupakia mabomu tena, katika gati la Mare Island, chini ya utaratibu uleule.

Watu 258 walikataa. Hawakushika silaha wala hawakumpiga mtu. Walisema wataitii amri nyingine yoyote, lakini mabomu wanayaogopa. Walitishiwa kwamba kuasi wakati wa vita adhabu yake ni kifo. Wengi wakarudi kazini, lakini nao waliadhibiwa. Hamsini walibaki na msimamo wao, wakashitakiwa kwa uasi mbele ya mahakama ya kijeshi. Tarehe 24 Oktoba 1944 wote 50 walionekana wana hatia, wakahukumiwa vifungo vya kati ya miaka 8 na 15.

Aliyekwenda kuifuatilia kesi hiyo na kuwakatia rufaa alikuwa mwanasheria mweusi aitwaye Thurgood Marshall. Wasikilizaji wa Kenya huenda jina hilo si geni kwao. Ndiye aliyekuja kukaa na wajumbe wa Kenya London mwaka 1960, katika mkutano wa Lancaster House, kuwasaidia kuandaa vifungu vya haki za raia. Baadaye alikuwa mtu mweusi wa kwanza kuwa jaji wa Mahakama Kuu ya juu kabisa ya Marekani. Rufaa ya Port Chicago hakuishinda. Wafungwa wengi walifunguliwa Januari 1946, baada ya vita kwisha, lakini hatia yao haikufutwa. Waliishi nayo, wakazeeka nayo, wakafa nayo. Mmoja alisamehewa na Rais Clinton mwaka 1999. Lakini msamaha si sawa na kuambiwa hukukosa. Neno hilo lilikuja tarehe 17 Julai 2024, miaka 80 kamili baada ya mlipuko, pale Waziri wa Jeshi la Majini alipotangaza kwamba wote walioadhibiwa wanasafishwa. Kati ya wale 50 hakuna aliyekuwa hai kulisikia.

Je, nawaambia muitupe sinema hii? La hasha. Nitaitazama tena. Waliotengeneza hawakuwa watu wabaya. Kelly mwenyewe alijiunga na jeshi la majini mwishoni mwa 1944 baada ya kumaliza kupiga picha. Sinatra, ambaye hakuchukuliwa jeshini kwa sababu ya tatizo la sikio na akasemwa sana kwa hilo, mwaka huohuo wa 1945 aliigiza filamu fupi ya kuwakanya watoto wasibaguane kwa dini na asili, ikapewa tuzo maalumu ya Oscar. Na jeshi lenyewe, mwaka 1946, likafuta vizuizi vya kazi ambazo weusi walikatazwa. Bila shaka wale waliokataa kubeba mabomu walichangia kuliamsha.

Ninachosema ni hiki. Sinema ile ilijengwa juu ya wazo moja zuri: kwamba baharia aliyeyaona mauti anastahili siku chache za kuwa mtu kama watu wengine, acheke, apende, alale bila hofu. Wazo hilo ni la kweli. Kosa halikuwa kwenye wazo, lilikuwa kwenye hesabu ya nani anahesabiwa kuwa baharia.

Wazee wa pwani walisema: ukiona vyaelea, vimeundwa. Meli ya Joe na Clarence haikutoka bandarini kwa nyimbo. Mtu fulani aliipakia, gizani, akiwa na hofu, na alipoomba apumzike alipewa jela. Usiku ule mtoto wangu mdogo aliniuliza kama likizo ya wale mabaharia iliisha vizuri. Nilimjibu ndiyo, kwa wale tuliowaona.

Wasikilizaji wapenzi, tukutane tena wiki ijayo, panapo majaliwa.